Cheti cha Baba wa Reverien

Kibondo,
12 Mei 1976

Wifi yangu Rosa,

Nakuomba kabla hata ya salamu: barua hii isome peke yako, na ukimaliza itie motoni chini ya chungu. Asiisikie Pasikali jirani, asiisikie mkewe, na zaidi ya wote asiisikie baba. Kiharusi kimemnyang'anya ulimi, masikio anayo. Akijua kwamba kazi yangu imo hatarini kwa sababu ya kuanguka kwake, atajilaumu, na hana hata neno la kuutolea uchungu huo.

Ni hivi. Kanuni ya kituo chetu inasema mfanyakazi akiugua, au akiondoka kumuuguza mzazi, mume, mke au mtoto, atoe taarifa mapema awezavyo, kisha alete cheti cha hospitali chenye jina la mgonjwa, au ushahidi mwingine unaowaridhisha waamuzi. Taarifa niliitoa. Siku ile Hamis, dereva wa lori la tumbaku, aliponiletea habari kwamba baba ameanguka shambani, Meneja alikuwa safarini Kigoma. Nikamwachia ujumbe Leonidasi, yule wa mizani, nikapanda lori lile lile. Leonidasi aliufikisha, na Meneja hakatai. Anachotaka sasa ni cheti.

Nami cheti sina. Nilipofika huko Kasulu, Heru Juu, mlikuwa mmekwisha kumrudisha baba nyumbani, nikamuuguza pale pale kitandani pake, hospitali sikuikanyaga. Nani angekumbuka karatasi, mtu anamlisha baba yake uji kwa kijiko?

Meneja aliniita mbele ya akina mama wanaochambua tumbaku. Akasema kwa sauti, "Nyinyi watu wa Kasulu baba zenu huanguka kila msimu wa kuvuna maharage." Wengine wakacheka kwa kumwogopa. Unajua mimi nilijibu nini? "Ndiyo, Ndugu Meneja." Ndiyo! Nimesoma mpaka kidato cha nne ili nije kumjibu hivyo mtu anayemtukana baba yangu.

Kaka Reverien, mumeo, yuko kwenye mashamba ya mkonge Tanga, barua hukaa mwezi mzima njiani. Mimi siruhusiwi kuondoka tena. Umebaki wewe. Nenda hospitali, waambie waliomwandikisha baba wakupe cheti. Mpe Hamis. Usimweleze ni kitu gani.

Wifi yako,
Immakulata


Heru Juu,
17 Mei 1976

Wifi Immakulata,

Barua imefika. Nimeichoma, na baba alikuwa ananitazama ninavyoichoma, macho yake yakiuliza. Nikamwambia ni karatasi ya sukari. Sasa umenifanya nimdanganye mgonjwa.

Anameza vizuri. Mkono wa kulia bado haujaamka. Namgeuza asubuhi na jioni, na mke wa Pasikali hunisaidia kumnyanyua.

Nilikwenda hospitali, nikaacha mahindi uani, mvua ikayanyeshea. Nilikaa kwenye benchi mpaka jua likapinda. Karani wa pale ameiandika karatasi, mganga ametia saini, wameifunga ndani ya bahasha wakapiga mhuri juu. Karani alisema isifunguliwe na mtu mwingine ila huyo mkubwa wako. Usiifungue, mpe hivyo hivyo.

Mimi sikuelewa, wifi. Mtu amelala hapa, kila aliyepita njiani amemwona akibebwa kwenye machela, vijana wanane wakipokezana mlima mzima. Huyo Meneja akitaka kujua si aje amwone? Lakini wewe ndiye uliyesoma.

Rosa


KITUO CHA UNUNUZI WA TUMBAKU, KIBONDO
21 Mei 1976

Ndugu Immakulata Ndayiragije,
Karani, Idara ya Maghala.

Yah: USHAHIDI WA RUHUSA YA KUMUUGUZA MZAZI

Rejea kutokuwepo kwako kazini mwezi Aprili.

2. Taarifa yako ya mdomo kupitia kwa Ndugu Leonidasi ilipokelewa. Suala la taarifa limefungwa.

3. Cheti ulichokileta kimefunguliwa na mimi mwenyewe. Kwa mujibu wa faili lako, baba yako ni Melkiadi Ndayiragije. Cheti ni cha mgonjwa aitwaye Ndihokubwayo. Kituo hiki hakina habari kwamba una baba wawili.

4. Kuleta cheti cha mtu asiyekuhusu ni udanganyifu. Unatakiwa kuleta ushahidi sahihi kabla ya kikao cha kamati ya wafanyakazi cha tarehe 18 Juni. Ukishindwa, nitaiomba kamati ikubali ufukuzwe kazi, na cheti hiki nitakipeleka polisi.

A. Abdulrahmani
Meneja


Kibondo,
22 Mei 1976

Rosa,

Ninaiambatisha nakala ya barua ya Meneja. Nakala ninayo kwa sababu niliipiga chapa mimi. Alisimama nyuma ya kiti changu akaisoma neno kwa neno, nami nikaipiga. Pale kwenye baba wawili aliuliza, "Umeandika wawili?" Nikasema nimeandika. Akacheka peke yake.

Umekwenda kuchukua karatasi ya nani? Huyo Ndihokubwayo ni nani? Karani wa hospitali alikuwa amelewa? Au ulikaa benchini ukachoka, ukapokea bahasha ya mtu mwingine ili uwahi mahindi yako? Mimi nimempa Meneja kwa mikono miwili, imefungwa, nikiwa na furaha kama mjinga, kumbe ninampa kamba ya kunifunga.

Polisi, Rosa. Unaelewa neno hilo? Ameliandika.

Nilidhani nimekutuma kitu kidogo: jina la mtu mmoja, mhuri mmoja. Rudi hospitali kesho, usingoje Jumatatu ya gulio. Waambie wamekosea, waandike jina la baba yangu kama lilivyo. Ukirudi na maneno badala ya cheti, usihangaike kuniandikia.

Immakulata


Heru Juu,
30 Mei 1976

Immakulata,

Hawakukosea. Jina hilo nililitoa mimi.

Sikukuambia kwa sababu niliona aibu, na nilidhani Meneja ataangalia mhuri tu. Sasa umenitukana vya kutosha, nitakuambia.

Siku ile vijana walitua machela mlangoni, wakaenda kunywa maji. Nikabaki ndani na baba. Hawezi kusema, anakoroma. Karani akauliza, "Mgonjwa ni nani wako?" Nikasema ni baba mkwe. "Jina?" Nikasema ni baba wa Reverien. "Nimeuliza jina lake, si la mwanawe." Nikasema mzee wa Heru Juu. Akapiga meza. Akasema, "Bila jina hakuna kitanda, mtoe nje, mwingine aingie."

Wewe ni binti wa nyumba hii, unaweza kulitaja jina la baba yako hata ukiwa unafua nguo. Mimi ni mkamwana, mke wa mwana; kwangu ni mwiko. Tangu niolewe jina hilo halijapita mdomoni mwangu, hata la ubatizo. Padri mwenyewe anajua. Nikiomba misa ya mgonjwa husema baba wa Reverien, naye huandika. Mama yako alinipokea hapa mwaka sabini na mbili nikiwa na nguo moja mwilini, nimevuka mpaka usiku wa mvua, na kitu alichonifundisha kwanza ni hicho. Umesoma mpaka umesahau?

Karani alikuwa ananyoosha mkono kumwita mwingine. Nikatafuta jina la baba ambalo ninaweza kulisema. Nilikuwa nalo moja tu. Ndihokubwayo ni baba yangu mimi. Mara ya mwisho nilimwona upande wa pili wa mto wa mpakani, akituambia tutangulie. Sijalitaja jina lake kwa mtu tangu siku hiyo. Nililitoa pale, ili baba yako apate kitanda. Ndiye unayeuliza ni nani.

Nimerudi hospitali kama ulivyoamuru. Nilimchukua Pasikali, yeye si mkamwana, alitaje. Amelitaja, mara mbili, kwa sauti. Karani akasema Pasikali hakumwandikisha mgonjwa. Aliyeandikisha ndiye abadilishe. Akanigeukia: "Wewe taja." Nikasema ni baba wa Reverien. Akasema, "Kama mkweo humjui jina, basi ulituletea maiti ya nani hapa?" Watu benchini wakaangua kicheko. Pasikali alitaka kumpiga, nikamshika shati.

Basi nimerudi na maneno. Umesema nisikuandikie. Nimeandika.

Rosa


Kibondo,
5 Juni 1976

Rosa,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Pole kwa baba yako. Sikujua, hukuwahi kutuambia.

Lakini hiyo haibadilishi kitu mezani kwa Meneja. Desturi naijua, sikuzaliwa Ulaya. Kuna mambo ya nyumbani na kuna mambo ya ofisi. Ofisini watu husema majina. Ungefumba macho ukalisema, ukatubu kwa mama kaburini, angekusamehe. Badala yake umemfanya baba yangu kuwa mtu mwingine, na mimi kuwa mwongo. Nikifukuzwa na kupelekwa polisi, uji wa baba utanunuliwa na desturi?

Kikao ni Ijumaa tarehe 18. Isihaka, mwenyekiti wa kamati, amekubali nilete shahidi. Hamis atakupitia alfajiri ya Alhamisi pale njia panda, nimekwisha kumwambia. Mke wa Pasikali akae na baba na mtoto wako.

Utasimama, utaulizwa swali moja, utajibu kwa jina moja. Baba hatakusikia, yuko mbali. Ukikataa, mimi na wewe hatutakuwa na la kuzungumza tena.

Immakulata


Heru Juu,
20 Juni 1976

Immakulata,

Nilikuja. Ulivyoamuru. Sasa na mimi nakuamuru: usiniandikie tena habari za majina.

Uliona mwenyewe. Meneja aliegemea kiti, akanichekea kama mtu mwema. "Mama, baba mkwe wako anaitwa nani?" Nikasema, baba wa mume wangu. "Najua baba mkwe ni baba wa mume, mama, shule tumekwenda. Jina." Nikasema, babu wa mwanangu. Akawageukia wenzake: "Tutapanda ukoo wote mpaka Adamu." Nilikutazama wewe unisaidie. Ulikuwa unatazama vidole vyako.

Nilijaribu, wifi. Usidhani sikujaribu. Njia nzima ndani ya lori nilijiambia nitafumba macho. Nililifikisha mpaka kwenye meno. Nikamwona yule mzee jinsi alivyonyoosha mkono wake mzima asubuhi ile ninaondoka, akinigusa kichwa, hajui naenda kufanya nini. Likarudi chini. Machozi yalinitoka mbele ya wanaume, nikayafuta kwa kanga.

Ndipo huyo Meneja wako akasema, "Huyu mkimbizi ameokotwa barabarani aje kusema uongo kwa chupa ya soda." Akaniambia toka nje. Hukusema kitu. Mimi kuitwa mkimbizi nimezoea. Wewe kunyamaza, hilo sikulizoea.

Nikaona nimekupotezea kazi. Sikuweza kukaa nje kungoja kutazamwa. Nikatembea mpaka barabara kuu, lori la chumvi likanichukua.

Baba hajambo. Nimemwambia nilikwenda kununua mbegu.

Rosa


Kibondo,
26 Juni 1976

Wifi yangu Rosa,

Uliondoka mapema mno. Nilitoka mbio kukutafuta nje, nikakuta vumbi. Hivyo nisome mpaka mwisho, hata kama una hasira, na hasira ni haki yako.

Ulipotoka, Meneja alifunga faili. "Wajumbe mmeona. Shahidi hajui hata jina. Tuandike." Leonidasi wa mizani, ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya ratili na kilo, akavua kofia akaiweka mezani.

"Tuandike nini, Ndugu Meneja?"

"Kwamba ushahidi hakuna."

"Mimi nimeuona ushahidi. Ushahidi huo umelia hapa mbele yetu."

"Hakutaja jina!"

"Angelitaja, ningekuwa upande wako. Mtu wa kuokotwa kwa soda angelitaja hilo jina mara kumi, angeliimba, soda si amekwisha kunywa? Huyu amejua kwamba neno moja linamwokoa wifi yake, na bado limemshinda. Huwezi kushindwa hivyo na jina la mtu asiye mkweo. Mimi ni Mha, desturi hii ni yetu, nina wakamwana watatu. Sina cheti kingine cha kukuonyesha."

Adija, mjumbe wa akina mama wa kuchambua, akadakia kutoka kwenye kona: "Mimi baba mkwe wangu namwita Yule Mkubwa. Ukitaka nimtaje, nifukuze leo, nachukua kanga yangu naondoka." Wakacheka, lakini si kile kicheko cha kumwogopa Meneja. Meneja akasema yeye hawezi kuendesha kituo cha serikali kwa machozi ya wanawake. Akamwangalia Isihaka, akitegemea kwamba mtu wa Ujiji atakuwa wake.

Isihaka akakuna ndevu. "Kwetu Ujiji hilo halipo. Mke wangu jina la baba yangu hulitaja, tena kwa ukali. Lakini kanuni inasema ushahidi unaowaridhisha waamuzi. Waamuzi ni hawa. Ndugu zangu, mmeridhika?" Mikono ikanyooshwa. Yote, wifi, isipokuwa wa Meneja.

Hapo ndipo mimi niliposimama. Niliushika ukingo wa meza. Nikasema, "Ndugu Meneja, umetaka ushahidi, umeupata. Naomba iandikwe kwamba umeupata. Na huyo uliyemwita mkimbizi ndiye anayemgeuza baba yangu kitandani, asubuhi na jioni, wakati mimi nakupigia wewe chapa. Naomba na hilo liandikwe." Sauti ilitoka nyembamba kama ya kuku, lakini ilitoka. Ilitoka baada ya wewe kuondoka, na hilo ndilo linaloniuma. Ingefaa itoke ulipokuwa unanitazama.

Hasira zote nilizoogopa kumpa Meneja nilikutupia wewe, kwa sababu wewe hukuwa na faili langu. Yale niliyokuandikia siwezi kuyavuta yarudi. Nilisema kuna mambo ya nyumbani na mambo ya ofisi. Nimeona mwenyewe nani alikuwa na aibu ya kibinadamu ndani ya ofisi ile, na hakuwa mwenye tai.

Kazi ninayo. Cheti amekirudisha, polisi hakwenda. Lakini usidhani amekubali kushindwa. Jumatatu aliniita akaniambia nipige barua: karani Ndayiragije anahamishiwa kituo kidogo cha Nyabibuye, kule mpakani, kuanzia mwezi ujao, kwa manufaa ya kazi. Niliipiga bila kosa hata moja, nikaivuta kutoka kwenye mashine, nikamwekea asaini. Akasubiri nilie. Nikamwuliza kama anataka nakala mbili au tatu.

Ni mbali zaidi na nyumbani, na hilo linanikasirisha mpaka usingizi unakataa. Amejua mahali pa kugonga. Kwa hiyo sikiliza jinsi ya kunipata.

Usitume kitu hapa ofisini Kibondo, barua zangu zinafunguliwa. Mpe Hamis, Nyabibuye hufika kila Alhamisi kubeba marobota ya tumbaku. Asipokuwepo, kuna duka la Mwajabu pale stendi ya Kibondo, hupokea mizigo ya watu wa mpakani, atanitunzia. Baba akizidiwa, usiende kwanza kukaa benchini kutafuta cheti. Tuma mtu aseme "njoo" tu. Taarifa nitaiacha mezani kwa maandishi, na ushahidi nitauleta nikirudi; wakiukataa tutagombana nao, sasa najua jinsi ya kusimama. Siku hiyo nitaingia hospitali mimi mwenyewe, na wakiuliza jina la mgonjwa, nitajibu mimi.

Barua hii usiichome. Msomee baba yote, hata zile barua nilizokutukana, ajue.

Na juu ya bahasha andika Immakulata tu, karani wa tumbaku, Nyabibuye. Jina langu la pili, lile la baba, liache. Huko karani ni mimi peke yangu, itanifikia.

Wifi yako,
Immakulata